Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa ndege: kilomita 1,078 na saa tatu za tiketi

Swali: Naishi Ujiji, mkoani Kigoma, na nataraji kumsindikiza mama yangu mzazi kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Tovuti moja inasema umbali wa angani ni kilomita 1,078 na safari ni saa 1 na dakika 51. Nyingine imeandika maili 582, na ya tatu maili 670. Tiketi tuliyokata, ambayo inapitia Tabora, inaonyesha tunaondoka 12:40 na kufika 15:45, yaani saa 3 na dakika 5, na tiketi ya kurudi kwa njia ileile ni saa 2 na dakika 55. Nimwamini nani? Mama ana umri wa miaka sabini, anatumia dawa kwa saa maalumu, na ningependa kujua atakaa angani muda gani hasa.

Jibu: Ndugu yangu, nawatakia wewe na mama safari ya heri. Namba zako za umbali zote tatu ni sahihi na zinasema jambo moja. Namba za muda ndizo zinazogongana, na katika hizo tiketi yako ndiyo ya kutegemea, kwa sababu ile ya saa 1 na dakika 51 imehesabiwa kwa ndege ambayo kwa dalili zote si mtakayopanda, na kwa safari isiyotua popote njiani.

Nianze na umbali, ambao unaweza kuuhakiki wewe mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa ndege wa Kigoma upo kwenye latitudo ya nyuzi 4.89 kusini na longitudo ya nyuzi 29.67 mashariki, na Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere upo kwenye nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti yake ni nyuzi 1.99 kwa upande wa kusini na nyuzi 9.53 kwa upande wa mashariki. Katika eneo letu uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 110.6 na uzi mmoja wa longitudo ni kama kilomita 110.7, kwa hiyo kutoka Kigoma unapaswa kwenda kilomita 220 kusini na kilomita 1,055 mashariki. Hizo ni pande mbili za pembetatu mraba, na upande wa tatu unapatikana kwa kanuni ya Pythagoras inayofundishwa sekondari: zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni kilomita 1,078.

Mtu makini anaweza kuhoji kwamba dunia ni mviringo na kanuni hiyo ni ya karatasi bapa. Ni kweli, na kwa safari ndefu njia fupi kuliko zote ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia katika nusu mbili sawa, ndiyo maana ndege zinazotoka Ulaya kwenda Marekani huonekana kwenye ramani kana kwamba zinapinda kuelekea kaskazini bila sababu. Lakini sisi tupo karibu na ikweta na safari yetu ni fupi. Kati ya Kigoma na Dar es Salaam, duara kuu na mstari uliochorwa kwa rula kwenye ramani havitofautiani hata kwa kilomita 3, na kwa abiria tofauti hiyo haina maana yoyote.

Kuhusu maili, ile 582 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani na waongoza ndege hutumia duniani kote. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na asili yake ni sehemu moja ya sitini ya uzi mmoja wa latitudo. Ile 670 ni maili za nchi kavu, za mita 1,609. Ukizidisha kila namba kwa kipimo chake utarudi kwenye kilomita zilezile 1,078.

Mstari huo ukiuchora juu ya ardhi ya Tanzania unatoka Kigoma, unapita karibu sana na Uvinza, unavuka misitu iliyo kusini mwa Tabora jirani na Sikonge, kisha unapita karibu juu ya Dodoma kabisa na kuiacha Morogoro upande wa kusini kabla ya kufika pwani. Anayejua reli ya kati ataona kwamba ndege na treni hufuatana kwa sehemu kubwa ya safari. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, maana yake ni kwamba wajenzi wake, pamoja na mabonde, milima na mito yote iliyowakabili, waliongeza chini ya kilomita 180 tu juu ya mstari mnyoofu. Mimi huiona hesabu hiyo kuwa ushahidi wa kazi kubwa iliyofanywa na watu waliopima njia kwa miguu.

Mstari wa moja kwa moja unapita takriban kilomita 50 tu kusini ya Tabora. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kilomita 351 angani, na kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni kilomita 733, jumla kilomita 1,084. Kwa maneno mengine, kupitia Tabora kunaiongezea safari yenu kilomita 6 peke yake, umbali ambao ndege huumaliza kwa muda usiofika dakika moja. Wangewapitisha Mwanza, safari ingekuwa ya kilomita kama 1,300. Kwa hiyo saa nzima na zaidi iliyoongezeka kwenye tiketi yako haitokani na kuzunguka. Inatokana na kutua.

Hapa ndipo tovuti nyingi za kukadiria muda zinapowapotosha watu wetu. Hesabu inayotumika sana huchukua umbali, ikaugawa kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, kisha ikaongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Jaribu: kilomita 1,078 kwa kasi hiyo ni saa 1 na dakika 21, ongeza dakika 30, unapata saa 1 na dakika 51, ileile uliyoonyeshwa. Kasi ya kilomita 800 kwa saa ni ya ndege za jeti, kama vile Airbus A220 ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea Desemba 2018. Ndege zilizozoeleka zaidi katika njia za Kigoma na Tabora ni za pangaboi, hasa De Havilland Dash 8 Q400 yenye viti 76, ambayo shirika hilo lilipokea mbili za kwanza Septemba 2016. Kasi yake ya juu ya kusafiria ni kama kilomita 667 kwa saa. Ndege za ATR 72, ambazo nazo ni za pangaboi, ni za polepole zaidi, na kwa kawaida husafiri kwa kilomita 500 kwa saa au zaidi kidogo. Angalia kwenye tiketi yako au kwenye ratiba, karibu na namba ya safari: DH4 maana yake ni Q400, AT7 ni ATR 72, na 223 ni Airbus A220-300. Herufi hizo zitakusaidia kuliko tovuti yoyote ya makadirio.

Mimi nitachukua kwamba ni Q400, kwa kuwa saa za tiketi yako zinalingana nayo vizuri, na nitatumia kasi ya kilomita 650 kwa saa. Kama ingeruka moja kwa moja bila kutua Tabora, kilomita 1,078 zingehitaji dakika 100 hivi kwa kasi hiyo. Ndege haianzi safari kwa kasi hiyo wala haiimalizi nayo. Inapopanda huenda polepole zaidi kwa sababu nguvu ya injini inagawanywa kati ya kusonga mbele na kupata kimo, na inapokaribia uwanja hupunguzwa mwendo ili ipangwe foleni na nyingine. Ongeza dakika kumi kwa sababu hiyo, na dakika nyingine kumi za kutembea ardhini, kwani muda unaoandikwa kwenye tiketi huanza pale ndege inapoondoka kwenye maegesho, kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na huisha pale inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili na magurudumu kuwekewa kabari. Safari ya moja kwa moja ingekuwa basi ya saa 2.

Sasa iweke Tabora katikati. Kipande cha kwanza cha kilomita 351 ni kifupi kiasi kwamba ndege haipati nafasi ya kufaidi kasi yake. Kanuni ya marubani ni kuanza kushuka maili 3 za baharini kabla ya kituo kwa kila futi 1,000 za kimo, kwa hiyo ndege iliyopo futi 25,000 huanza kushuka ikiwa imebakiza maili 75, ambazo ni kilomita 139. Ukitoa hizo, ukatoa na kilomita zaidi ya mia zilizotumika kupanda kutoka Kigoma, zinabaki kilomita mia moja hivi za kwenda kwa kasi kamili, na mara nyingi rubani wa safari fupi huamua kutopanda hadi kimo hicho. Kipande hiki huchukua takriban dakika 40 angani na dakika 50 kwa hesabu ya tiketi. Tabora ndege husimama kama nusu saa, kwa sababu wapo wa kushuka na wa kupanda, mizigo ya kutoa na ya kuingiza, idadi ya abiria ya kuhakikiwa upya, na uzito wa kupangwa upya ili ndege ikae sawa. Kipande cha pili cha kilomita 733 huchukua saa 1 na dakika 20 angani, na saa 1 na nusu kwa hesabu ya tiketi. Jumla ni saa 2 na dakika 50, na mashirika huongeza akiba ya dakika chache juu yake ili ucheleweshaji mdogo usiharibu ratiba ya siku nzima. Saa 3 na dakika 5 za tiketi yako zimetimia.

Kwa hiyo mama atakaa angani takriban saa 2 katika vipindi viwili, cha dakika 40 na cha saa 1 na dakika 20, na kati yake atakuwa ardhini Tabora, kwa kawaida akiwa ameketi kwenye kiti chake ikiwa tiketi yake ni ya kuendelea na ndege ileile. Kwa mtu wa umri wake kipindi hicho cha Tabora si hasara tupu: ndege imetulia, na anaweza kusimama na kunyoosha miguu iwapo wahudumu wataruhusu. Jambo la kulipa uzito zaidi ni hewa. Ndani ya ndege hewa husukumwa ili iwe nzito kuliko ile ya nje, lakini haiwi kama ya Ujiji. Ndege inapokuwa juu kabisa, mwili huhisi kama upo mlimani kwenye kimo kinachoweza kufika futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi, wakati uwanja wa Kigoma upo kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu mwenye afya haoni tofauti kubwa. Ikiwa ugonjwa wa mama unahusu moyo, mapafu au upungufu wa damu, daktari wake aelezwe kabla ya siku ya safari kwamba atasafiri kwa ndege, na aseme kama inafaa au kama anahitaji kupewa oksijeni, kwani shirika la ndege hutaka kupewa taarifa hiyo mapema.

Swali lako la tiketi ya kurudi kuwa fupi kwa dakika 10 ni zuri, na jibu lake ni upepo. Katika anga ya nchi yetu, kwenye kimo ambacho Q400 husafiria, upepo mara nyingi huvuma kutoka mashariki. Ndege inayotoka Kigoma huelekea mashariki kidogo kusini, hivyo hukabiliana nao, na inayorudi husukumwa nao kwa nyuma. Kasi ya kilomita 650 niliyoitaja ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe ikiwa inasafiri, ndege husafiri pamoja nayo, kama mtumbwi ndani ya mto Malagarasi. Chukua upepo wa kilomita 35 kwa saa, ambao si mkali kwa kimo hicho: wakati wa kwenda Dar es Salaam ndege hupita juu ya ardhi kwa kilomita 615 kwa saa na kutumia dakika 105, na wakati wa kurudi hupita kwa kilomita 685 na kutumia dakika 94. Tofauti ni dakika 11, karibu sawa na ile uliyoiona kwenye tiketi. Utaona pia kwamba upepo wa mbele hupoteza dakika karibu 6 ilhali wa nyuma hurudisha 5 tu, kwa sababu ndege hukaa kwa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia. Sisi wa ukanda wa ikweta upepo wetu ni mpole. Kati ya London na New York, ambako mito ya upepo mkali huvuma kutoka magharibi, safari ya kwenda magharibi huizidi ile ya kurudi kwa saa nzima hivi.

Mwelekeo huo huamua hata kimo. Kwa utaratibu wa kimataifa unaofuatwa pia hapa nchini chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa vimo vya maelfu witiri na zinazoelekea magharibi hupewa vimo vya maelfu shufwa. Mkitoka Tabora kwenda Dar es Salaam huenda mkasafiri kwenye futi 23,000 au 25,000, na mkirudi kwenye futi 22,000 au 24,000, ili ndege mbili zinazokutana juu ya Dodoma zipishane kwa nafasi ya kutosha.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuvunja hesabu yangu yote. La kwanza ni uwanja wa Dar es Salaam wenyewe. Njia yake kuu ya kurukia imelala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, na ndege hutua ikiuelekea upepo. Upepo ukiruhusu kutua kutoka upande wa kusini magharibi, ndege yenu inayotoka bara huingia karibu moja kwa moja. Ukigeuka, italazimika kuzunguka hadi upande wa baharini ndipo igeuke na kutua, na hapo dakika tano hadi kumi huondoka, hasa ikikuta wengine kwenye foleni. La pili ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Kigoma na Tabora hupata mawingu marefu ya radi ambayo hukua sana mchana baada ya ardhi kupata joto, na hakuna rubani mwangalifu anayepita katikati yake. Atayazunguka, au atasubiri yapite, au atageukia uwanja mwingine. Kwa ajili hiyo ndege hubeba mafuta ya kufika, mafuta ya kwenda kiwanja mbadala, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30. Mkiona ndege inazunguka badala ya kutua, mjue kwamba jambo hilo lilipangwa kabla ya kuondoka Kigoma, na mwambie mama mapema ili asiingiwe na hofu.

Ndege yenu inaondoka saa 6:40 mchana, wakati ambao mawingu hayo huwa yanaanza kukua, kwa hiyo ikiwa mnasafiri katika miezi ya mvua nakusihi usipange miadi ya hospitali kwa siku hiyohiyo. Tiketi inasema mtafika saa 9:45 alasiri; kushuka, kusubiri mizigo na kupenya foleni za magari za Dar es Salaam kwaweza kuwafikisha mwenyeji wenu jioni kabisa. Miadi iwe kesho yake, na mama awe amelala usingizi wa kutosha. Dawa zake zote azibebe kwenye mkoba wa mkononi, zisiingizwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Kuhusu saa za dawa, Tanzania nzima hutumia majira ya saa yaleyale, hivyo msibadilishe chochote: dawa ya saa 8:00 mchana itanywewa saa 8:00 mchana kwa saa ileile aliyotoka nayo Ujiji, na kwa ratiba yenu wakati huo ndege itakuwa Tabora au imeondoka punde. Kitakachobadilika ni jua. Kila uzi mmoja wa longitudo ni dakika 4 za jua, na tofauti ya nyuzi 9.53 ni takriban dakika 38, kwa hiyo Dar es Salaam jua huchomoza na kuzama mapema kwa kiasi hicho kuliko Kigoma. Kama mama huswali au hufunga, afuate adhana ya huko atakakokuwa. Na kama kuna dawa ambayo amezoea kuinywa "jua likizama" au "kukipambazuka" badala ya kutazama saa, mwandikieni saa yake kamili kwenye karatasi kabla hamjaondoka, ili asiinywe nusu saa na zaidi kabla ya wakati wake kila siku mtakayokuwa Dar es Salaam.